Vidonge vya Mama Mkwe

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe wangu aliacha kula. Tulimtoa Kibondo tukamleta kwetu Kasulu, akawa anashinda ukingoni mwa kitanda, uso ukutani. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anasubiri tu kumfuata mzee. Mimi ni nesi, maneno ya namna hiyo siyachukulii mzaha. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Akaandikiwa amitriptyline, dawa ya zamani ya sonona, ameze jioni kwa kuwa inaleta usingizi. Vidonge nilivifungia sandukuni mwangu, maana vikimezwa vingi kwa mpigo vinaweza kusimamisha moyo. Nikamwambia asitegemee nafuu ya kesho, itachukua wiki kadhaa. Kinywa kitakauka, anywe maji kidogokidogo. Pombe asiiguse. Asubuhi asikurupuke, akae kwanza kitandani ndipo asimame. Aliyafuata yote, mama yule, kuliko wale wajuaji wangu wa wodini.

Kisha akaja kaka mkubwa wa marehemu. Kwetu Waha, shemeji kama huyo husalimiwa kwa magoti. Mama akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, wakaulizana habari za watoto, za mihogo, za ng'ombe. Salamu zetu hazina haraka. Zilipokwisha akainuka mara moja amletee mgeni maji, akaanguka puu pale mlangoni.

"Mnamuua kwa vidonge," mzee alisema tulipokwisha kumlaza. "Kesho narudi naye Kibondo, na dawa zenu zibaki hapahapa."

Nilichemka. Lakini mimi ni mke wa mtoto wao, siwezi kumfokea. Nikameza hasira, nikapiga magoti na mimi. Nilijua akienda bila dawa atarudi kulekule ukutani, na huko hakuna wa kumwangalia. Tena dawa ile haikatwi ghafla.

"Baba, si sumu," nikasema. "Inashusha presha mtu akiinuka haraka. Twende wote kwa daktari, usikie mwenyewe." Kisha nikamgeukia mama. "Si nilikwambia usikurupuke?"

"Ulisema kitandani," akajibu. "Mimi nilikuwa nasalimia."

Ningecheka kama nisingekuwa na hofu.

Daktari alimpima presha akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, ikawa imeshuka. Akapunguza dozi, akasema aendelee. Mzee alisikiliza yote. Tuliporudi nyumbani alivuta kigoda akakiweka mbele yake.

"Shemeji, kuanzia leo utanisalimia umekaa. Nimeruhusu mimi."

Mama aliona aibu, akakataa, mpaka mzee akakunja uso. Ndipo akakaa. Siku hiyo nilimpenda mzee yule, sifichi. Kesho yake alirudi Kibondo peke yake.

Usingizi ndio uliotangulia kurudi. Chakula kilichelewa, kuna siku nilikata tamaa kabisa nikiona sahani inarudi jikoni ilivyokwenda. Kisha akaanza kumega ugali kidogo, halafu akawa anamaliza.

Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharage ya kupika. Mama akatoka chumbani, akakaa karibu yangu, akaninyang'anya ungo. Akaanza kutenga yale makubwa makubwa pembeni.

"Haya usipike," akasema. "Nitayapanda mvua zikianza."

Mvua zilikuwa bado mbali sana. Nilimwachia ungo wote, nikaingia jikoni nikalia.