Kigoda cha Kaimu

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Ditram, alipolazwa Morogoro miezi minane, mama Verdiana akawa kaimu wake pale Tindiga. Kila asubuhi alikifuta vumbi kiti cha mzee, kisha akaketi kando, kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka jikoni kwake.

"Kaimu ni mshika nafasi tu," aliwafokea waliomcheka. "Kiti kina mwenyewe!"

Ng'ombe walipovamia mpunga, hakutuma mtu wala barua, kama wafanyavyo wakubwa. Alipandisha kanga magotini, akaingia topeni na mfugaji na mkulima, wakakagua majaruba yaliyokanyagwa mpaka wakapatana.

Mzee Ditram aliporudi, aliamkiwa shikamoo na kijiji kizima. Akaketi kitini, akafungua kikao; mama Verdiana alikuwa kando, kigodani pake. Mkulima wa kwanza alisimama, akaeleza shida yake huku akikitazama kigoda.

Mzee naye akageukia huko huko, akangoja jibu.