Shanga Kwenye Skrini

Laptop yangu ilivunjwa na mama yangu mzazi, nami niliapa kwamba hatajua kamwe.

Alikuwa amekuja kukaa nami Homa Bay baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipoondolewa, kitu cha kwanza alichoomba ni uzi na sindano ya kufumia vitambaa. Kwetu, kitu kisicho na kitambaa ni kama hakina mwenyewe: kochi, redio, hata jagi la maji. Akaifumia laptop kitambaa cheupe chenye shanga ukingoni, kazi yake ya kwanza tangu macho yaanze kufifia miaka mingi nyuma. Alipomaliza aliniita nikione, huku akicheka peke yake.

Sasa, kitambaa cha jagi hukaa juu. Hiki cha laptop alikitandaza ndani, juu ya vibonyezo, eti vumbi lisiingie, kisha akaifunga na kuiwekea Biblia yake juu. Asubuhi nilipofungua, doa jeusi lilikuwa limetapakaa skrini nzima. Nikakitoa kitambaa, nikakikunja, nikamwambia mashine ni mbovu. Akasikitika sana. Akasema vitu vya siku hizi havina mifupa.

Waranti ilikuwa imebakisha miezi minane, basi nikaipeleka Migori, dukani nilikoinunulia. Weh! Mara sistimu iko chini, mara mwenye ufunguo wa kabati ameenda Isebania, mara imetumwa Nairobi na Nairobi hawajajibu. Nikipiga simu naambiwa inashughulikiwa. Nami, mwenye kosa, ndiye niliyepiga kelele kuliko wateja wote. Najua ni aibu. Lakini wiki saba bila kifaa cha kazi si mchezo, na skrini isiyoweza kuvumilia shanga, jamani, ilitengenezewa nani?

Hatimaye wakaniita nichukue ripoti. Mama akasema tunakwenda wote, wajue kwamba huyu mtu ana mama.

Pale kaunta, fundi aliielekeza skrini kwenye mwanga wa dirisha. Vidoa vidogo vya mviringo vilikuwa vimejipanga mstari hadi kwenye kona. Akaeleza kwa upole kwamba kuna kitu kiliachwa ndani, na waranti haigusi mambo hayo. Mama akamkatiza: mtoto wake anatunza vitu tangu utotoni, wasimsingizie. Fundi akanitazama, akaniuliza nini kilitokea. Nikajibu kwamba niliikalia kwenye kochi, nikaona haya kumwambia mama.

Mama akainama karibu na skrini, akavifuata vile vidoa kwa kidole, kimoja kimoja, midomo yake ikihesabu. Kwenye kona kidole kikasimama. Hapo alikuwa amekosea, akatia shanga mbili mahali pa moja. Nilikuwa nimeliona kosa hilo siku ile aliponionyesha, nikamwambia kitambaa hakina dosari.

"Hii ni kazi ya mikono yangu," akamwambia fundi. "Andika hivyo."

Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniuma zaidi.

"Ulinipeleka hospitali ili nione, mwanangu. Basi niache nione."