Kengele ya Kufuturu

Jirani anapika uji wa pilipili manga, harufu imenikuta ngazini. Papo hapo nimerudi uani kwa bibi, siku nilipofunga kwa mara ya kwanza, tende mkononi, roho juu juu!

Betri zilikuwa zimeadimika madukani, kipaza sauti cha msikiti kikawa bubu, na adhana haikufika kwetu, ukingoni mwa shamba la mkonge. Magharibi tukawa tunaikisia kwa kutazama mbingu. Jioni ile, ghafla: ngaa! ngaa! ngaa! Ilikuwa rimu ya lori waliyoigeuza kengele kanisani, na wala haikuwa Jumapili.

Nikapeleka tende mdomoni. Bibi akanidaka mkono.

"Kengele ya kanisa haimfuturishi mtu!"

Mke wa mwinjilisti akaja mbio, kanga inamponyoka. "Shikamoo bibi, futuruni! Kule kanisani adhana inasikika. Muadhini wenu katuomba tukiisikia tuwagongee!"

Bibi akacheka, akaniachia mkono. "Haya, sema Bismillahi."

Kesho yake jua lilipozama, yeye ndiye aliyewahi mlangoni, kiganja sikioni.

"Nyamazeni! Mbona kengele yetu bado?"