Kitabu Nilichomsomea Mama kwa Kisagara

Miezi ile ya kwanza katika kijiji kipya sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilianza kuchambua maharage nikayaacha nusu, nikaenda kufua, nikaacha nguo ndani ya maji, nikatembea mpaka relini, nikarudi bila kujua nilifuata nini. Nikikaa, goti lilicheza lenyewe. Mama alinitazama tu. Miezi ile naye alikuwa hasemi.

Tulikuwa tumetoka mlimani, ambako jirani unamwita kwa sauti ng'ambo ya bonde, tukapangwa huku chini kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango, mwendo wa kama saa moja kutoka stesheni ya Munisagara. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kwa kuwa waliojua kusoma vizuri walikuwa wachache, katibu wa kijiji alinipa kazi mbili: kufundisha kisomo cha watu wazima saa kumi jioni, na kutunza ufunguo wa kabati la vitabu lililokuwa ofisini kwake.

Nilikwenda zahanati. Mganga alinipima joto, akasema sina malaria.

"Unasumbuliwa na nini hasa?"

"Sijui."

"Moyo unakwenda mbio?"

"Mara nyingine."

"Una mawazo?"

Nikasema sina. Kijiji kizima kilikuwa na mawazo. Nani angekubali kuugua kitu ambacho kila mtu anacho? Akanipa aspirini nne, nikameza mbili nikiwa bado njiani, na goti likaendelea kucheza.

Kabati lile lilikuwa na vitabu visivyofika arobaini. Kilimo bora cha pamba, ufugaji wa kuku, namna ya kuchimba choo, hotuba. Nilivisoma vyote kwa pupa, nikisimama, nikiruka kurasa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nyuma kabisa, chini ya vingine, kulikuwa na kitabu kilichopoteza jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyemshawishi mdogo wake aolewe na mtu asiyemtaka, mdogo akaenda akateseka huko. Mwandishi hakumlaumu yule dada. Alieleza tu kwamba kila siku mwanamke yule alifagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia, na kwamba alifagia ili asisimame.

Niliposoma sentensi ile nilifunga kitabu. Nikakifungua, nikaisoma tena. Kisha nikakifunga ndani ya khanga, nikaenda nacho nyumbani bila kukiandika kwenye daftari la waazimaji, ingawa daftari lenyewe nililitunza mimi.

Mama alinikuta nakisoma nimesimama mlangoni. Akaniuliza kwa Kisagara, na lilikuwa swali lake la kwanza kwangu baada ya siku nyingi:

"Hicho kinasema nini?"

"Ni habari za mwanamke mmoja."

"Nisomee."

"Kimeandikwa Kiswahili, Mama."

"Basi kitoe huko. Niambie kwa maneno yetu. Hayo mengine ndiyo yaliyokuja kutuhamisha."

Mama alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni na cha kanisani, kidogo lakini kizima. Tangu tuhame alikuwa amekiweka kando. Kwa hiyo nikaketi karibu naye, yeye akipukuchua mahindi, nikaanza kukigeuza kitabu kile sentensi moja moja. Nilidhani ingekuwa rahisi, maana Kisagara ndicho nilichonyonya. Haikuwa rahisi hata kidogo. Shuleni nilikuwa nimejifunza kusema mambo makubwa kwa Kiswahili, na kwa Kisagara nilikuwa nimebaki mtoto, mwenye maneno ya maji, kuni na uji. Nilikwama kila mara. Nilipofika kwenye neno "dhamiri" sikuweza kusonga mbele.

"Ni kitu gani hicho?" Mama akauliza.

"Ni kama… kitu cha ndani. Ukikosea kinakusumbua."

Akaacha mahindi. Akanipa neno ambalo sikuwahi kulisikia, na alipoona nimekodoa macho akanieleza: ni yule anayekuita jina lako wakati uko peke yako shambani, ukigeuka humwoni. Nikashika kitabu, lakini sikuweza kuendelea. Nikasema kichwa kinaniuma.

Nilijua nani alikuwa ananiita.

Siku maofisa walipopanda mlimani kuzungumza na watu kuhusu kuhama, mimi ndiye niliyekaa na karatasi na kalamu, nikiandika majina ya wenye kaya. Nilifurahi. Niliamini tulichoahidiwa, bomba, shule, zahanati, na sehemu kubwa bado naamini kilikuwa kitu chema. Walipofika kwetu, ofisa alimuuliza Mama kama ana neno. Mama akajibu kwa Kisagara, akinitazama mimi nimtafsirie: "Mwambie nina mtoto wangu amelala hapa. Wanipe muda nimuage vizuri, nivune kwanza, ndipo nishuke." Alikuwa akisema juu ya kaka yangu aliyefariki akiwa na miaka miwili, kabla sijazaliwa, ambaye kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Ofisa akaniuliza, "Mama anasemaje?" Watu walikuwa wengi, na mimi sikutaka mama yangu aonekane mpinzani. Nikasema, "Anasema hana tatizo." Ofisa akaliandika kwenye daftari lake. Wiki ile ile tukashuka.

Sikumwambia mtu. Wala mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia, mpaka yule mwanamke wa kitabuni aliposhika ufagio.

Tuliendelea kusoma, siku nyingine kurasa mbili, siku nyingine nusu. Mama alianza kunisahihisha. Akawa anaongeza: huyo dada hawezi kula vizuri, huyo usiku anaota meno yake yanang'oka. Lakini mimi nilizidi kuhangaika. Nilimsomea kwa uaminifu neno kwa neno, na kila neno nililolisema kwa kweli lilinikumbusha lile nililolisema kwa uongo.

Hapo ndipo katibu alipohesabu vitabu, kwa kuwa mkaguzi wa elimu ya watu wazima angekuja kutoka Kilosa. Kimoja hakikuwepo.

"Kile kisicho na jalada," akasema. "Huyo atakuwa ni mzee wa tumbaku. Amekichana kwa kusokotea."

Mzee mwenyewe alikuwa mwanafunzi wangu, mtu aliyepita makamo, mwenye vidole vya manjano, aliyejifunza kuandika jina lake kwa wiki tatu na hakukosa somo hata siku moja. Kweli alivuta tumbaku ya kusokota. Katibu akamwambia mbele ya watu, ofisini, kwamba serikali haileti vitabu vije kuvutwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, ufunguo mkononi. Sikufungua mdomo.

Jioni ile mzee hakuja darasani. Siku ya pili hakuja. Niliandika ubaoni "pamba", nikafuta, nikaandika tena "pamba". Watu wazima ishirini walinitazama wakingoja. Nikaweka chaki.

"Kitabu ninacho mimi," nikasema. "Nilikichukua bila kuandika. Yule mzee hana kosa."

Nikatoka darasani, nikaenda kwa katibu, nikarudia. Akauliza kwa kushangaa kweli, si kwa hasira:

"Kitabu kile kitakusaidia nini, binti? Hakina kilimo, hakina siasa."

"Kinanieleza nilivyo, ndugu katibu."

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo; darasa akaniachia. Kitabu akakitaka kesho yake asubuhi, nami nikakipeleka.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mzee. Alikuwa ameketi nje akinoa jembe.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yangu hewani. Nikapiga goti, nikamweleza yote, kwamba nilikuwepo, kwamba nilisikia akisingiziwa nikanyamaza. Aliendelea kunoa. Nikabaki pale pale chini mpaka magoti yakafa ganzi.

"Marahaba," akasema mwishowe. Kisha: "Nimefika herufi gani?"

"Ng'."

"Kesho nitakuja."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, maana nilijua nikipoa sitasema. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikasema yote kwa Kisagara, bila kutafuta maneno: ulisema hivi, mimi nikasema vile. Ungo ukasimama.

"Najua," akasema. "Nilikisikia Kiswahili chako. 'Hana tatizo.' Maneno hayo nayajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu." Akapepeta mara mbili, akauacha ungo tena. "Nilingoja uniambie. Nikaona unatembea tu, unatembea, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema, siku moja atachoka."

Nikalia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Alisema tu kwamba Jumamosi tutapanda mlimani, na kwamba nibebe jembe.

Tulipanda wawili. Paa la nyumba yetu lilikuwa limeanguka upande mmoja na maboga yalikuwa yametambaa mpaka ndani. Nyuma, nyasi zilinifika kiunoni. Nilizikata kwa jembe, Mama akazing'oa kwa mikono, mpaka yale mawe madogo ya kaburi yakaonekana. Akapiga magoti akazungumza na mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeamka usingizini. Alimweleza tulipohamia, nyumba yetu ni ya ngapi kwenye mstari, kwamba treni inapita mchana na inapiga kelele lakini unaizoea. Kisha akanigeukia.

"Na wewe sema. Mwambie ni nani aliyetushusha."

Nikasema. Ilikuwa vigumu kuliko darasani na kuliko kwa katibu. Nilitumia lile neno alilonipa Mama siku ya mahindi, na aliposikia nimelitumia vibaya alinirekebisha pale pale, nikalisema upya. Baadaye tulichuma maboga mawili. Tulipofika kwenye miamba ya nusu njia, tukirudi, Mama alitaka tupumzike, nikaketi kando yake, goti limetulia, tukakaa mpaka kivuli kilipotufikia.