Nyuzi za Mama Nyuma ya Feni

Mama alifuma sweta za shule kwa mashine, nyumbani kwetu Ruiru, na hakuwahi kuelewa kwa nini mimi nalipwa kupima upepo. "Haiya! Si utoe tu mkono dirishani?" angeniambia, kisha acheke mpaka akohoe.

Kazi yangu iko Thika, kwenye maabara ya chuo. Tunajaribu mfano mdogo wa feni ya injini ya ndege, ile unayoiona mbele kabisa ikivuta hewa. Kompyuta hukisia hewa itapitaje. Sisi tunaizungusha feni yenyewe ndani ya bomba kubwa tuone kama kompyuta inasema ukweli. Kwanza huwa tunabandika vipande vya uzi ukutani mwa bomba, nyuma ya feni, tutazame vinalala wapi na vinatapatapa wapi.

Uzi nilimwomba mama, naye alikuwa ameshalazwa hospitalini. Aliukata pale pale kitandani, sufu ya rangi ya maruni iliyobaki kwa sweta, kila kipande akikipima kwa kidole chake, ncha akiifunga kifundo isifumuke. "Hiyo feni ikizunguka utanipeleka nione," akasema. Nikamwahidi. Tulimzika kabla feni haijafungwa kwenye bomba.

Siku ya majaribio nyuzi zililala vizuri, zote upande mmoja. Nililia pale kwenye kioo cha kutazamia ndani ya bomba, bila aibu. Sasa, kabla ya kuchukua vipimo, nyuzi hubanduliwa, maana nazo husumbua hewa. Kila mtu wa kazi hii anajua. Nilikataa. Nikamwambia msimamizi tupime hivyo hivyo. Akanitazama, akanihurumia, tukapima. Namba zikakataa katakata kufanana na za kompyuta.

"Pole sana, dada yangu," akasema. "Ni nyuzi."

Wacha nikwambie, mazishi yalikuwa afadhali. Kule kulikuwa na watu na nyimbo. Hapa niliingia ndani ya bomba peke yangu, kwa magoti, nikabandua kipande kimoja kimoja. Gundi ilikuwa imeshika. Vifundo vingine vilibaki ukutani, nikavikwangua kwa kucha.

Tukaizungusha tena. Namba zikaja sawasawa na za kompyuta. Wenzangu wakapiga makofi, mmoja akanikumbatia, nami nimefumbata sufu mkononi. Ngai! Hewa ilikuwa sawa tu bila mama. Mimi siko sawa hata leo.