Nazi ya Kila Jioni

Nikisikia harufu ya nazi inayokunwa, miguu huniwasha. Kila jioni kule Barani, nyanya alikalia mbuzi ya nazi uani, nami sharti nimsimulie siku yangu kwa Kigiriama chake. Nje wenzangu waliniita mpirani. Nikichomeka neno la Kiswahili, mkono wake ulisimama papo hapo.

"Endelea kukuna basi, nyanya!" nilimsihi.

"Nazi inakungoja wewe."

"Sema, mwanangu, nataka tui!" mama alipiga kelele kutoka jikoni.

Nilisema neno lile kwa Kigiriama, kwa hasira, mguu mmoja mlangoni. Kesho yake tena, na kesho kutwa.

Leo nakuna mwenyewe, nikijisimulia siku yangu kwa sauti, kwa Kigiriama. Neno likinipotea, mkono husimama. Jikoni hakuna anayepiga kelele.