Parshoki na Kamba ya Baba

Mume wangu alipoleta nyumbani pikipiki yake ya kwanza, pale Kitshanga, majirani walikuja kusifia injini. Mimi nilichuchumaa pembeni nikaangalia ubavu wake. Nilitaka kujua ikianguka itaangukia nini, kwa sababu nilikuwa na safari yangu moyoni, na katika njia ya safari hiyo kuanguka hakukosekani.

Ilikuwa safari ya Buleusa, kule Walikale, kwa baba. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameshaota meno, ameanza kutembea akishika ukuta, na baba yangu alikuwa hajamwona. Vita vilikuwa vimekaa katikati yetu. Leo njia imefungwa baada ya Mweso, kesho imefunguliwa lakini kila kilima kina barieri ya wenye bunduki, keshokutwa hakuna anayejua nani anasimamia wapi. Baba alikuwa mwindaji, mtu wa mitego, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Salamu zilizotufikia zilisema kwamba sasa anatambua watu kwa sauti. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kumweka mtoto yule kwenye mapaja yake kabla hajawa kipofu kabisa.

Ndiyo maana nikawa mtu wa parshoki. Kwetu parshoki ni vile vyuma vinavyotokeza ubavuni mwa pikipiki, ambayo sisi huiita moto, mbele ya miguu ya dereva, ili ikilala chini chuma kifike kabla ya mguu. Pikipiki yetu ilikuja na zake za kiwandani, nyembamba, zinazong'aa. Nilishika moja nikaisukuma kwa mkono mmoja, ikacheza.

"Hii hata kuku haiwezi kukinga," nilimwambia mume wangu.

"Wewe ulijifunza moto wapi?"

"Sikujifunza moto. Nilijifunza njia."

Na njia niliijua kweli. Niliipita kwa miguu nikija kuolewa, mzigo kichwani, shangazi yangu nyuma akinikemea nisiburuze viatu. Nilijua mahali udongo mwekundu unapoteleza hata kukiwa na jua, na daraja la magogo ambalo gogo moja huzunguka ukilikanyaga. Mume wangu ni mtu wa Masisi, wa vilima na majani ya ng'ombe. Yeye njia aliyoijua ni ya Sake na Goma, iliyojaa mawe, ambayo aliipita na abiria wake karibu kila siku.

Duka la vipuri lilikuwa la Papa mmoja, yaani mzee wa kuheshimiwa, kutoka Butembo, mkatoliki, mcheshi, aliyetundika rozari kwenye msumari uleule wa nyaya za breki. Kabla ya kutaja bei alifanya ishara ya msalaba, na bei ikishatajwa ulielewa kwa nini. Mimi niliuza jibini sokoni. Siku za soko, nikishamaliza, nilimfunga mtoto mgongoni nikapita pale kuangalia kama kuna parshoki mpya zimeingia.

Za kwanza alizonionyesha zilikuwa pana kama pembe za ng'ombe.

"Angalia, Mama. Muguu inalala ndani sawa mutoto kwa kitanda."

Mume wangu alizipenda papo hapo. Mimi nilikataa. Kwenye njia ya Sake upana ni mzuri, jiwe linagonga chuma badala ya goti. Lakini baada ya Kashuga, ukiingia msitu, malori yamechimba mifereji inayofika magotini, na pikipiki inapita ndani ya mfereji huo kama maji. Parshoki pana inashika udongo wa pembeni na kukurusha. Mume wangu alisema tutapita juu ya ukingo. Nilimwuliza ukingo gani, akazirudisha kwa Papa.

Safari nyingine fundi wa kuchomelea aliyekaa mkabala na duka alitutengenezea za nondo nzima, nzito, ambazo alisema hata lori haliwezi kuzipinda. Hapo nilikaribia kukubali. Kisha nikauliza zinafungwa wapi. Akanionyesha: kwenye injini. Nikamwambia chuma kisichopinda hupeleka kipigo kwa kile kinachokishika, na injini ikipasuka huko msituni nani ataichomelea, nyani? Fundi alikasirika, lakini Papa wa duka alicheka mpaka akaketi.

Huyo Papa, kwa mzaha wake wote, hakuwahi kuniuzia kitu kibaya akijua ni kibaya. Kulikuwa na zile za bomba jepesi, rahisi, ambazo motari wengi, madereva wa pikipiki za abiria, walizinunua. Alinikataza mwenyewe. Alisema zinapinda kwa ndani, zinaukumbatia mguu na kuubana kwenye injini, na mtu anaachwa amelala chini ya pikipiki inayowaka. Tangu hapo, kila niliporudi nilianza na swali hilo: ikipinda, inapinda kuelekea wapi?

Mwishowe aliniletea za bomba la kadiri, si pana si nyembamba, lakini ukuta wake mnene. Zilifungwa kwenye shasi, mahali patatu kila upande, na zilitokeza mbele kidogo ili zikipinda zirudi pembeni, mbali na mguu. Nilikwaruza rangi kwa ukucha kutafuta kutu. Nilifuata kila kiungo kwa kidole kuona kama kimechomelewa kuzunguka chote, maana wengine huchomelea upande unaoonekana na kupaka rangi mwingine. Tuliongeza na bamba la chuma la kukaa chini ya injini. Papa alinitazama muda wote huo, mikono kifuani.

"Mama, nakuuliza. Hii moto iko ya bwana yako ao iko ya Buleusa?"

Nilicheka, kisha nikageuza uso. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikisafiri mle dukani. Kila parshoki niliyoishika niliivusha kwanza kwenye daraja la magogo, nikaipandisha kilima chekundu, nikaipitisha kwenye mianzi inayoinama mpaka kukugusa kichwani, hadi nikaona moshi wa nyumba za kwetu na kusikia baba akikohoa uani kabla sijamwona. Nilimkumbuka mno baba yangu. Nilikuwa nikikaribia kabisa, halafu mtu anauliza bei ya taa na ninajikuta Kitshanga.

Kulikuwa na Mama mmoja wa kwetu aliyetembea na mawese kutoka msituni mpaka soko la Kitshanga, kwa njia za miguu ambazo wenye bunduki hawakuzijali sana. Yeye ndiye aliyekuwa posta yetu. Siku tuliyofunga parshoki nilimpa salamu za kumpelekea baba: mwambie kwamba mume wangu ana pikipiki, mtoto anatembea, na sasa tumepata kinga ya moto, njia ikifunguka tu tunakuja. Nilisema kinga kwa sababu nilidhani parshoki baba haijui.

Aliporudi, alitoa kwenye kikapu kamba. Kamba ya msituni, iliyosokotwa kwa nyuzi za mti, nyeusi kwa moshi, yenye kitanzi tayari upande mmoja. Akaniambia maneno ya baba bila kuyapunguza.

"Papa yako anasema, amesikia munatafuta kinga ya moto. Kinga njo hii. Muifunge kwa ile chuma. Lakini iko na muiko. Hairudishwake kwenye ilitoka. Na wewe mwenye ilitajiwa jina, kama iko imefungwa, usikuje Buleusa. Na usiikate. Mwenye aliitoa njo ataifungua siku atasema."

Nilisimama pale na kamba mkononi. Mume wangu alicheka kwanza, akisema mzee amesikia kinga akafikiri dawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa mkristo wa kila Jumapili, lakini kwetu wazee walikwenda kanisani na bado walijua mambo yao, na mwiko wa baba ni mwiko wa baba. Hata Papa wa duka, nilipomwuliza, alifikiri kidogo akasema niifunge tu, kwani haigombani na rozari. Basi tukaifunga kwenye parshoki ya kulia. Kitanzi kilipovutwa kikabana, na hatukuweza tena kukilegeza.

Nilimkasirikia baba. Ninasema wazi, nilimkasirikia. Nilichagua chuma kwa ajili yake mpaka mafundi wakaniogopa, naye ananitumia kitu cha kunizuia mlangoni. Nilijiambia amezeeka, hakuelewa, siku moja atatuma neno kwamba tufungue. Neno halikuja.

Mume wangu alianguka mara moja, karibu na Sake, upande wa Mubambiro, alipokwepa lori la askari. Pikipiki ililala juu ya mawe na kuburuzika. Parshoki ya kulia ilipinda vilevile tulivyotaka, kwa nje, na mguu wake ukatoka na mchubuko tu. Abiria alipoteza kiatu. Jioni ile mume wangu aliigusa kamba kwa kidole. Mimi nilisifu bomba, yeye akasifu baba, na tulicheka kwa sababu hakuumia.

Kisha ukaja ule msimu wa utulivu. Barieri ziliondolewa, watu wakaanza kurudi makwao, motari wakarudi kutoka Mweso wakisema njia inapitika mpaka ndani. Mume wangu alibadilisha tairi, akajaza mafuta, akaniambia nifunge mtoto. Nilifungasha. Nilifunga jibini kwa majani, la baba. Halafu nikatoka nje, nikaiona kamba, na miguu ikakataa. Alinibembeleza tutumie pikipiki ya rafiki yake. Nikamwambia jina lililotajwa si la pikipiki, ni langu. Jibini tukala wenyewe, na nililitafuna nikilia.

Siku chache baadaye vita viliwaka tena katika msitu ule. Motari waliokwenda upande wa kwetu wiki ile, wengine hawakurudi, na waliorudi walirudi kwa miguu.

Miezi ilipita kabla shangazi yangu hajafika, yuleyule aliyenikemea njiani nikiwa bibi harusi. Alikuja na wakimbizi, nikasikia yuko kambini, nikaenda kumtoa. Nilimketisha uani, nikamletea maji. Macho yake yakaenda kwenye pikipiki.

"Ile kamba ya mutego inafanya nini pale?"

Nikamwambia si kamba ya mtego, ni kinga ya baba. Nikamweleza mwiko wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Mutoto wangu, kwetu hakuna muiko sawa ile. Hii njo kamba anategeaka swala. Mimi mwenyewe nilimuona anaitoa kwa ukuta."

"Alifikiri parshoki ni dawa."

"Papa yako? Moto zilikuwa zinapitaka mbele ya nyumba yake kila siku. Parshoki anajua. Alisema, huyu namujua, atakuja tu, hasikiake muntu. Basi nitamufunga kule kule."

Shangazi akaendelea taratibu, akitazama maji yake. Alisema baba alikuwa akikaa njiani, na mtu yeyote aliyetoka upande wa Kitshanga alimwuliza kabla hata ya salamu: kamba bado imefungwa? Wakimwambia ndiyo, imefungwa, alisimama akaingia ndani.

"Siku ile alikuwa anakula muzuri," alisema.

Niliingia nyumbani nikachukua kisu cha jibini. Mume wangu aliniona, hakunizuia. Nilichuchumaa pale nilipochuchumaa siku ya kwanza, nikaingiza kidole chini ya kamba. Ilikuwa imebana, imeingia hata kwenye rangi ya bomba. Nilimwona baba akiitafuta ukutani kwa mikono tu, kwa kuwa macho hayakumsaidia tena, akihesabu barieri zote zilizokuwa kati yake na mimi. Nilimtamani siku ile kuliko siku zote. Nilikaa hapo mpaka binti yangu akaja kuniuliza ninatafuta nini. Nikarudi ndani, nikakata jibini la shangazi kwa kisu kilekile.

Shangazi alisema baba amekataa kutoka, yuko kule na mitego yake ambayo sasa anaitega kwa kupapasa. Kumfuata nisingeweza, njia kubwa ilikuwa imefungwa tena, na mimi nilikuwa na mimba nzito ya pili.

Wiki ile yule Mama wa mawese alikuwa anarudi msituni na vibuyu vitupu. Alipita kwangu kama kawaida akauliza amwambie nini mzee. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu, akaniangalia usoni.

"Umuambie mujukuu wake anakimbia sasa," nilisema. "Na umuambie kamba bado imefungwa."